Kikombe cha Mgeni wa Nyotani

Watu wakinisimamisha njiani huku Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, hawaniulizi habari za nyumbani. Wanauliza kikombe. "We dada, kile kikombe ulikunywa kweli?" Dereva mmoja wa teksi alisimama katikati ya barabara, wenzake wanampigia honi nyuma, anataka tu kujua kama kwenye filamu iliandikwa vile au nilijitungia. Nikiwa na haraka nasema iliandikwa. Nikiwa na raha nasema nilijitungia, tena najisifu kidogo. Yote mawili ni uongo. Leo nasema ukweli, maana mama yangu ametishia kuusema yeye, na mama akishika simulizi hakuna mwingine atakayepata nafasi ya kufungua mdomo.

Mama anauza vitenge. Nimekulia chini ya meza yake ya sokoni, nimelala usingizi wa mchana juu ya marobota, na hadi leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya nasinzia. Baada ya shule nilipata kazi ya kupokea simu kwenye ofisi moja ndogo. Ofisi ikafungwa, nikarudi mezani. Mama hakusikitika hata chembe. Miguu ilikuwa imeanza kumuuma, macho yanapungua, na alikuwa anangoja siku ya kunikabidhi meza. Mimi niliiona siku hiyo inakuja, nikawa sipumui vizuri. Nampenda mama, vitenge navipenda, lakini nikifikiria miaka thelathini ya kusema "karibu mteja" nilikuwa natamani kupiga kelele.

Basi siku moja akaja kijana mwenye miwani, mtu wa mtaa wa Mutakura, akataka kitambaa cheusi mita kumi na mbili.

"Pole," nikamwambia. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Ni nguo za watu wa chombo cha nyotani. Natengeneza filamu."

Weee! Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikataka kujua hicho chombo kinaondokea wapi. Akasema kinaondokea hapa hapa, Ruziba, kando ya ziwa. Nikamuuliza kama wanawake wamo. Akasema wamo.

"Kwa hiyo mwanamke wa Ruziba anapanda kwenda nyotani, majirani wote wamejaa ufukoni wanamtazama, na yeye amevaa nyeusi kama anakwenda kuzika? Hujui wanawake wewe!" Nikamtandazia kitenge cha rangi ya chungwa chenye miduara mikubwa, nikajifunga kifuani, nikatembea hatua nne mbele ya meza kwa madaha, shingo juu. "Hivi ndivyo tunavyokwenda nyotani."

Aliniangalia kama fundi anavyoangalia mbao. "Umewahi kuigiza?"

"Kila siku. Nawaambia wateja rangi haichuji."

Akacheka, akaninunulia kile cha chungwa, akaniambia nije Ruziba Jumapili. Sikujua kama ni utani. Nikawa nakunja kitambaa kimoja mara tatu.

Mama alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda chake, na masikio ya mama hayajapungua kama macho.

"We mutoto," akasema. "Unaenda kufanya nini kule? Kujigeuza mutu wa mwezi?"

"Wa nyotani, mama. Mwezi ni karibu."

"Usinichezee. Kazi ya kudanganya batu, tena na uso wazi, na picha inabaki. Mi sikukulea ivo."

Tulibishana siku nne. Mimi nina hasira za haraka, nimezirithi kwake, kwa hiyo nyumba ilikuwa moto. Siku ya tano alichoka, akatoa hukumu akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. Nifanye hiyo filamu moja. Ikiisha, atakwenda yeye mwenyewe kuitazama. Akiona ni upuuzi, narudi mezani moja kwa moja, na neno filamu halitatamkwa tena nyumbani kwake. Akiona ina maana, tutazungumza. Nilikubali upesi kabla hajabadili mawazo. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba mama yangu hajawahi kutazama kitu chochote kwenye televisheni akakimaliza bila kusema "upuuzi".

Yule kijana tulimwita Patron, yaani bosi, ingawa alikuwa mdogo kwangu. Chombo chake kilikuwa boti ya wavuvi iliyovishwa mabati, na juu yake dishi la zamani la televisheni. Jumapili ile pale Ruziba watu walikuja kutuuliza kama tunapakia abiria wa Kigoma. Bibi mmoja alikuwa ameshaleta mzigo wake! Mimi nilikuwa mtunza maji. Chombo kinakwenda mbali, maji ni kidogo, na kuna mwanamke mmoja anayeshika ufunguo wa maji. Patron alikuwa ameandika filamu tatu zinazofuatana, na mtunza maji alikuwamo katika zote tatu. Aliponiambia hivyo nilihesabu kwenye vidole kama mtoto: moja, mbili, tatu.

Mara ya kwanza aliposema "Action!", mchanga unaniunguza nyayo, milima ya Congo iko ng'ambo imefunikwa na ukungu, nilihisi kitu ambacho sijawahi kuhisi maishani. Sikuwa na hofu. Mimi ninayeogopa panya! Nilimwambia nahodha kwamba maji yanatosha siku tisa tu, na wallahi niliamini. Nilikuwa na kiu. Patron aliposema basi, nilibaki nimesimama nikiwahurumia abiria wangu, mpaka mtu akaniletea kiti.

Kabla sijafika kwenye kikombe, lazima niseme jambo moja la kwetu. Hapa Burundi humpi mgeni kinywaji hivi hivi. Iwe bia kwa wanaokunywa, iwe juisi, iwe maji ya kawaida, wewe mwenyeji unaonja kwanza mbele yake, halafu ndio unampa. Maana yake: hakuna ubaya humu, mimi nimetangulia. Asiyeonja ana lake moyoni. Nilipokuwa na miaka saba hivi, shangazi alikuja kututembelea, nikampelekea glasi ya juisi bila kuonja, nikakimbilia mchezo wangu. Mama alinirudisha kwa sikio mbele ya wageni wote. "Unataka kumuua shangazi yako?" Nikaonja ile juisi huku machozi yananidondoka ndani ya glasi, shangazi maskini akainywa na machozi yangu. Toka siku hiyo mkono wangu hauwezi kutoa kikombe kabla mdomo haujapita. Hata mteja wa vitenge akiomba maji, naonja kwanza.

Sasa sikiliza. Mwisho wa filamu ya kwanza, mgeni wa nyotani ameingia ndani ya chombo chetu. Ameishi kati yetu siku nyingi, amejifunza lugha yetu na tabia zetu, na tumegundua kwamba anataka kulinywa Ziwa Tanganyika lote abaki nalo tumboni. Silaha hazimwingii. Ila kuna sumu. Mtunza maji anampelekea sumu kwenye kikombe, anamwambia, "Kunywa, umetoka mbali." Mgeni anakunywa, anaanguka, tunashangilia, tunakwenda filamu ya pili. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Tulipiga picha hiyo bandarini, ndani ya kontena. Wakala mmoja wa forodha, jirani yake Patron, alitukopesha kontena tupu kwa asubuhi moja tu, kwa sababu mchana huo huo lilikuwa linapakiwa liende Kigoma. Tulibandika ukutani zile karatasi za kung'aa za kufunikia chakula, tukatundika rimoti zilizokufa ziwe vidhibiti vya chombo. Lilipendeza! Ila joto, mama yangu wee, joto la mle ndani lilikuwa la kuoka mkate. Mgeni wa nyotani alikuwa kuli wa pale pale bandarini, jitu refu kupita mlango, mpole ajabu, amevishwa viroba vilivyopakwa rangi ya fedha na kofia ya pikipiki iliyokatwa mdomoni. Tangu asubuhi yumo ndani ya viroba. Jasho lilikuwa linatoka kwenye viatu.

Tulifanya mazoezi mara sita, kikombe kitupu, maana sumu ilikuwa moja tu: juisi nyekundu ya ibinyomoro, matunda ya kwetu mfano wa nyanya, chupa moja ndogo aliyotengeneza mama yake Patron. Mara zote sita mambo yalikwenda sawa. Nampa, anapokea, anakunywa hewa, anaanguka. Safi kabisa.

Saa saba wakala akaja mlangoni na makaratasi yake. "Jamani, winchi iko tayari. Mara moja tu, mutoke."

Patron akamimina juisi yote. Kikombe kikajaa, chekundu, baridi kidogo. Akasema, "Action."

Nikatembea. Nikasimama mbele ya mgeni. Nikanyoosha mkono. Naye akanyoosha wake, lakini hakupokea. Aliuacha pale hewani, akanitazama kupitia tundu la kofia, akangoja. Nami nikaona macho ya mtu mwenye kiu, aliyefika nyumbani kwangu, anayengoja nifanye kinachotakiwa. Nikaona haya. Nikapeleka kikombe mdomoni, nikanywa funda moja, nikapangusa ukingo kwa kidole gumba kama alivyonifundisha mama, nikampa kwa mikono miwili.

"Kunywa," nikasema. "Umetoka mbali."

Akanywa yote. Hakubakiza tone!

Hapo ndipo akili iliponirudia. Subhanallah! Sumu! Nimekunywa sumu! Nilitaka kucheka, nilitaka kukimbia. Kamera ilikuwa bado inaniangalia na Patron hajasema basi. Nikafikiria winchi, nikafikiria chupa tupu, nikafikiria mama kwenye kigoda chake akisema "upuuzi". Nikateleza ukutani taratibu mpaka chini. Watu wanasifu yale machozi. Jamani, yale machozi hayakuwa ya kuigiza. Nilikuwa naililia kazi yangu niliyoiharibu kwa funda moja la juisi. Yule kuli, ambaye alitakiwa kuanguka katikati kama gunia, alipoona nalia akaja akaketi karibu nami, akaegemeza kofia yake begani kwangu. Tukafa hivyo, pamoja.

"Coupez, basi," akasema Patron kwa sauti ndogo. Kisha sauti ikapanda. "Umefanya nini? Umejiua! Una filamu mbili mbele yako, umejiua!"

"Nimesahau! Mkono umekwenda wenyewe! Tufanye tena!"

"Tena na nini? Juisi iko wapi? Iko tumboni mwa huyu!"

Kuli akavua kofia, uso wote unachuruzika. "Patron, usimugombeze. Mi nisingekunywa."

"Nini?"

"Angenipa bila kuonja, mi nisingekunywa. Si umesema nimekaa na batu wa hapa, nimejua tabia yao? Basi ningejua iko kitu ndani." Akafikiri kidogo. "Kikombe kikiwa tupu sikujali. Kilipojaa, apana."

Patron akatazama chupa tupu. Akaketi juu ya jerikani. Akarudisha picha kwenye kile kioo kidogo cha kamera, akaitazama yote, na sisi tukiitazama sura yake. Akaitazama tena. Wakala wa forodha, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anatufukuza, naye akachungulia juu ya bega lake na makaratasi yake, winchi inangoja. Ni yeye aliyesema, "Ee Mungu, huyu dada amejitoa mhanga."

Patron alicheka kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akasema filamu sasa ina moyo, kabla ilikuwa na mabati tu. Mtunza maji anajua mgeni hatakunywa asipoonja yeye, basi anaonja. Anakufa ili ziwa libaki. Akatushika mikono, akaturusharusha, tukapiga kelele ndani ya lile kontena mpaka wapakizi wakaja kuangalia. Nilifurahi, sikufichi. Lakini tulipokuwa tunabandua karatasi ukutani nikamuuliza kwa upole, na filamu ya pili?

Akaacha kubandua. "Umekufa, dada. Ya pili haina mtunza maji."

Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikiwa nimefanya kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na kitu hicho hicho kimenitoa. Mama aliniuliza imekwendaje. Nikasema nzuri. Sikumwambia chochote kuhusu kikombe, wala kwamba hata akikubali sina pa kwenda. Wiki zile zote kabla ya kuonyeshwa nilikuwa naomba usiku na mchana aipende, halafu nikikumbuka nimekufa, najiuliza naomba nini.

Filamu ilionyeshwa Mutakura, kwenye ukuta wa ukumbi wa vijana, Jumapili alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama alivaa mtandio wake wa sherehe, akadai mstari wa mbele kwa sababu ya macho. Mimi nikakaa kushoto kwake. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama.

Ikaanza. Nilipotokea na kitenge cha chungwa, mama akaguna. "Kile kitenge iko yetu." Chombo kiliporuka akasema, "Bongo hii, uongo mutupu." Mgeni alipoingia akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima kwa nini amevaa viroba vya saruji. Watu wakacheka. Mimi nikazama kwenye kiti. Nilikuwa nangoja lile neno lake, najua linakuja.

Likaja kontena. Tukaona sumu ikimiminwa, nyekundu, imejaza ukuta mzima. Mama akasogea ukingoni mwa kiti. Nikajiona natembea. Mgeni akanyoosha mkono, akangoja. Na ukumbi mzima, wallahi, watu wote wale, hakuna aliyepumua, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakujua anangoja nini.

Kikombe kikapanda.

"Usinywe!" Mama alikuwa amesimama. Mama yangu mwenye miguu ya kuuma alikuwa amesimama wima, mkoba umeanguka, mkono umenyooka kuelekea ukutani. "Iko sumu! We mutoto, apana! Usionje! Iko sumu!"

Hakuna aliyecheka. Nyuma yetu mwanamke mwingine naye akapiga kelele, "Muache!" Kule ukutani nikanywa, nikapangusa ukingo kwa kidole gumba. Mama alipoona kile kidole alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Nikamshika mkono. "Mama, mi niko hapa. Niko mzima. Niangalie."

Akausukuma mkono wangu. "Nyamaza! Unanifunika, naangalia."

Alitazama mpaka jina la mwisho likapita. Alilia bila kujifuta. Taa zilipowaka aliniuliza jambo moja tu. "Yule mugeni, alimaliza yote?"

"Alimaliza, mama."

"Vizuri sana."

Patron alikuwa mlangoni anapokea pongezi. Alipomwona mama, akaweka miwani sawa, akainama kusalimia. Mama hakujibu salamu.

"We ndiye umeniulia mutoto?"

"Mama, mimi sikumuua. Alionja mwenyewe."

"Alionja kwa sababu nimemulea!" Watu wakaanza kutuzunguka. Mama akapunguza sauti, na hapo ndipo anapotisha zaidi. "Na hii ingine inakuja, yeye iko ndani?"

Patron akanitazama, mimi nikatazama viatu. "Mama, hiyo imeshaandikwa. Yeye amekufa."

"Kijana. Boti ya mabati umerusha mpaka nyotani. Mutu wa viroba umemupa lugha. Mutoto wangu mumoja ndiye amekushinda kufufua? Si ulisema iko mambo ya sayansi?" Akamchomea kidole kifuani. "Basi tumia sayansi."

Sijawahi kuona mtu akifikiri kwa kasi namna ile. Akasema atajaribu. Mama akasema hajaribu, anafanya. Na alifanya. Katika filamu ya pili maji ya chombo yalinikumbuka, nikatoka ndani ya tangi nikiwa na kitenge kile kile cha chungwa, ukumbi ukapiga vigelegele mpaka mablanketi yakaanguka madirishani. Katika ya tatu nilikuwa nahodha. Ya nne tunaianza mvua zikiisha, na yule kuli sasa anaigiza kwa sura yake mwenyewe, bila kofia.

Lakini siku hiyo sikujua lolote kati ya hayo. Njia nzima mama alitembea mbele yangu, na sikuthubutu kuuliza hukumu yangu. Asubuhi ya Jumatatu niliamka, nikajifunga kitambaa kichwani, nikabeba robota la vitenge kama kila Jumatatu. Nilimkuta mlangoni, ameshavaa viatu vyake vya sokoni. Akanipokonya robota.

"Unaenda wapi?"

"Sokoni, mama."

"Soko iko yangu. Nani amekwambia nimechoka?" Akaliweka robota kichwani, akalisawazisha, akanitazama kuanzia juu mpaka chini kama mtu asiyeamini macho yake. "We bado umekufa. Kimbia kwa yule kijana, mukaangalie utafufuka namna gani."